Neno "Get" na Ng'ombe wa Mahari

Miaka ya sitini ikielekea ukingoni, mchumba wangu, karani mjini Kisii, aliniandikia barua kwa Kiingereza. Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, kilimtosha kuombea maji na kufokea ng'ombe. Mapenzi aliyaona hayana heshima mpaka yavalishwe suti. Barua ilikuwa na mstari mmoja tu: "I cannot get over you."

Mimi nilikuwa nimeishia darasa la saba. "Get" nilijua ni kupata, "over" ni juu. Sipati juu yako. Niliusoma mara kumi kule migombani, nisione kichwa wala miguu.

Baba hakuwa mtu wa kuacha barua ilale. Ng'ombe wa mahari walikuwa tayari zizini kwetu Kiogoro, akasema barua yoyote ya kijana yule inawahusu na wao. Akamwita mzee jirani, aliyewahi kuwatafsiria wamisionari mahubiri. Kiingereza chake chote kilitoka Agano la Kale.

Mzee akavaa miwani, akasoma, akaivua.

"Hii 'get' ni ile ya Ibrahimu," akasema. "Ibrahimu 'begat' Isaka. Maana yake kuzaa."

"Hata sisi husema mtu amepata mtoto," baba akaafiki.

"Na 'over' ni kwisha. Kijana anasema: Siwezi kuzaa, mambo yamekwisha, wewe."

"Wewe nini?"

"Wewe jionee mwenyewe."

Mama akalia. Baba akausifu ukweli wa kijana, kisha akafungua zizi ili ng'ombe warudishwe kwa wazazi wa kijana, Mosocho. Nilimpenda kijana yule pamoja na kiburi chake, na hakuna aliyeniuliza. Miaka mingi baadaye kamusi kubwa iliniambia kwamba mzee hakukosea kabisa: neno lile lililetwa Uingereza na watu wa kaskazini waliovuka bahari, na hilo la kupata na lile la kuzaa ni ndugu wa damu. Nilikasirika upya.

Baba na ng'ombe hawakufika mbali. Walikutana na kijana mwenyewe njiani, anakuja na baiskeli kutafuta jibu. Akarudi nao mpaka uani kwetu, majirani nyuma. Baba akamuuliza waziwazi kama ana kasoro ya uzazi.

"Kasoro gani, baba? Nilisema siwezi kumsahau!"

"Mbona hukuandika hivyo?"

"Naona haya."

"Basi sema sasa, kwa Ekegusii, tusikie sote."

Aliitazama baiskeli yake. Kisha akasema, polepole, kwamba tangu anione sokoni ameshindwa kunitoa moyoni, hata chakula hakipiti. Hakuna aliyecheka.

"Na wewe?" baba akanigeukia.

Haya zikanishika, nikakimbilia kulekule alikokuwa amekimbilia mwenzangu. "Me too," nikasema kwa Kiingereza, nikimaanisha na mimi pia.

Watu wote wakamtazama mzee. Akafikiri, akashtuka, akainua vidole viwili juu.

"Anasema," akatangaza kwa sauti ya mahubiri, "yeye ni wawili."

Mama alijishika kichwa. Baba alilitazama tumbo langu, akamtazama kijana, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukakunjuka.

"Kumbe anazaa," akasema. "Rudisheni ng'ombe zizini. Harusi ni wiki hii."