Mpini Mabegani

Nikipita mashamba ya pembezoni mwa Izia mvua zikielekea kuisha, harufu ya nyasi zilizofukiwa hunisimamisha. Hunirudisha Mwazye, kwa Bibi, mama yake mama, aliyenilea. Huko tulilima intumba: unakwangua nyasi kwa jembe, unazilundika, unazifunika kwa udongo mpaka lisimame tuta la mviringo, nazo huozea humo zikawa mbolea ya ulezi. Kazi hiyo haifanywi wima. Unainama tangu asubuhi hadi jua la utosini.

Kila tulipomaliza tuta, Bibi alinisimamisha. Nilaze mpini wa jembe mabegani, nyuma ya shingo, nitoe kifua, nitazame mawingu mpaka ahesabu kumi. Alihesabu polepole mno, na akifika sita alituama, nami niliamini kabisa kwamba saba anaisahau makusudi. "Samaki mkunje angali mbichi," alikuwa akisema, "na mgongo uunyooshe ungali mbichi." Majirani walicheka. Mgongo wake mwenyewe ulikuwa umepinda hata ilimbidi ageuze shingo upande, kama kuku, ndipo akuone usoni.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa, nilichoka kuchekwa. Nikasema kwa sauti, makusudi majirani wasikie: "Mbona wewe Bibi hufanyi?"

Hakunikaripia. Aliokota jembe lake, akaupandisha mpini. Ukaishia kifuani. Akajaribu tena, ukaishia palepale. Majirani waliacha kucheka. Akauteremsha taratibu.

"Mimi sikupata wa kunihesabia, mjukuu wangu," alisema. "Haya, simama. Moja."

Nilisimama huku nalia. Nilidhani nalilia aibu yangu.

Miaka mingi baadaye, siku tuliyomzika, wanawake walimwekea mito miwili chini ya kichwa, kwa sababu mgongo ulikataa kulala hata ndani ya jeneza. Niliitazama ile mito, moyo ukaniuma kuliko nilivyowahi kuumia.

Leo mimi ni fundi cherehani, nainamia vitambaa kutwa. Mpini wake ninao, umeegemea ukuta. Kila nikimaliza nguo nasimama, naulaza mabegani, nahesabu. Wateja hucheka, nami nawaacha wacheke. Nikifika sita natuama kidogo, kama yeye, maana sasa najua saba hakuisahau hata siku moja. Alitaka ninyooke zaidi kidogo.

Radhi sikumwomba. Nanyooka tu.