Moshi Katika Kahawa ya Baba

Niliporudi Hasamba kutoka migodi ya Rodezia ya Kaskazini, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilikuwa na sanduku la bati, stashahada iliyowekewa kioo, na vyombo vinne vya kutengenezea kahawa. Nasema hivi bila haya. Wenzangu niliovuka nao Tunduma kwa miguu tukiwa vijana walirudi na baiskeli na mablanketi, na wengine hawakurudi. Mimi nilianza kwa kuosha sahani katika bwalo la wazungu wa mgodini, nikawa mpishi, nikawa msimamizi wa bwalo zima, na baada ya kazi nikasoma kwa posta mpaka chuo kimoja cha Uingereza kikaniletea karatasi yenye mhuri mwekundu kuthibitisha kwamba nimehitimu uendeshaji wa hoteli. Hakuna aliyenilipia ada. Hakuna aliyenishika mkono.

Nyumba yetu ilizungukwa na mibuni pande tatu, lakini ndani yake hapakuwa na mtu aliyewahi kunywa kikombe cha kahawa. Kahawa ilikuwa kitu cha kupeleka kituoni. Sisi tulikunywa togwa, na akija mgeni wa heshima, chai.

Kituo cha kupokelea kilikuwa Igamba, mwendo wa asubuhi nzima, na mpokeaji alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Yeye ndiye aliyetumbukiza mkono ndani ya gunia, akanusa, akatazama punje kiganjani, kisha akaonyesha fungu la kumwagia. Kwa misimu minne alikuwa ameionyesha kahawa ya baba fungu la tatu, la mwisho kabisa. Mara ya kwanza baba aliuliza sababu. Mjomba alimjibu tu, "Shemeji, hii ni ya tatu," akamwita aliyefuata. Baba akaamini ni husuda, kwa sababu kabla ya hapo kahawa yake haikuwahi kukosa fungu la kwanza. Siku hiyo hiyo aliacha kusemezana na shemeji yake, akampiga mama marufuku kukanyaga Igamba mpaka kaka yake akiri kosa. Na Igamba ndiko alikokuwa bibi, mama yake mama, ambaye miaka ile minne ilikuwa imemfanya mtu wa kitandani.

Wiki niliyofika, mwanamke mmoja wa kanisani aliyetoka huko alileta habari kwamba bibi ameacha kula na kwamba anamtaja mama mchana kutwa. Mama alimpelekea baba habari hiyo akiwa amepiga magoti. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hajabadilisha neno lake.

Hapo nikaingia mimi. Nilikuwa nimezoea kuwanyamazisha wazungu waliorudisha sahani jikoni, sembuse mjomba.

"Baba," nilimwambia, "mjomba anahukumu kwa pua. Mimi nitampelekea kahawa yako ndani ya flaski, imetengenezwa kama wanavyokunywa wakubwa. Akishaimeza hatakuwa na pa kukimbilia."

Baba aliniahidi. "Ukiliweza hilo, mama yako ataondoka siku hiyo hiyo. Hata saa hiyo hiyo."

Mama aliniuliza itachukua muda gani. Nilimjibu siku mbili, pengine tatu, kwa kuwa lazima nichague chombo kitakachoitendea haki kahawa yenyewe. Alikwenda kukoboa punje kwenye kinu, akapepeta maganda, akaniletea ungo uliojaa.

Nilipanga vyombo vyangu juu ya meza uani. Kulikuwa na mashine mbili za kusagia. Moja ilikuwa sanduku la mbao unalolibana kwa mapaja, yenye mpini juu na droo chini ya kupokelea unga. Ni nzuri kwa macho, lakini meno yake yalikuwa yamelegea, na unga wake ulitoka mchanganyiko, vumbi pamoja na vipande kama mchanga wa mtoni. Ya pili ilikuwa ya chuma, ya kufunga kwa skrubu ukingoni mwa meza, nzito, mbaya kwa sura, na inayokuchosha bega. Lakini unga wake ulikuwa wa namna moja, na ukiurudisha mara ya pili unakuwa laini kama poda. Mtu akiniuliza hata leo, nitamwambia atumie nguvu zake kwenye kusaga kwanza, birika baadaye. Wengi hawalijui hilo, hata huko nilikotoka.

Mabirika nayo yalikuwa mawili. Lile refu lilikuwa na bomba katikati na kifuniko chenye kirungu cha kioo, ambamo unaiona kahawa ikiruka na kurudi chini. Wanawake wa jirani waliokuja kutazama walilipenda sana. Kasoro yake ni kwamba linaipika kahawa ileile tena na tena mpaka inachoka. La pili lilikuwa la Kitaliano, dogo, la vyumba viwili vilivyopandana. Maji yanakaa chini, unga katikati, na mvuke unayasukuma maji yapite ndani ya unga na kupanda juu, meusi na mazito. Nilipewa na Mtaliano mmoja fundi wa pampu, ambaye alisema hajaona mtu mweusi wala mweupe aliyelielewa upesi kama mimi.

Asubuhi ya kwanza nilikaanga, nikasaga kwa sanduku, nikatumia birika refu juu ya stovu ya mafuta ya taa. Kikombe kilikuwa na ladha ya moshi. Niliilaumu stovu. Nikahamia kwenye makaa. Moshi ulikuwa palepale. Nikasema ni birika refu linalochosha kahawa, nikachukua la Kitaliano, na moshi ukatoka mzito zaidi, kama mtu aliyelamba kifuniko cha chungu. Siku ya pili nililaumu unga wa sanduku, nikasaga upya kwa mashine ya chuma. Nikachuja kwa kitambaa. Nikachemsha vyombo vyote kwa majivu, nikavianika. Nikapunguza moto wa kukaangia mpaka punje zikatoka rangi ya udongo wa kichuguu. Kila kikombe kilikuja na moshi wake, na nilijua kwamba flaski ile haiwezi kwenda Igamba.

Kulikuwa na baridi ya mwezi wa saba, na ukungu haukuondoka mpaka karibu adhuhuri. Kila asubuhi mama alikuja kusimama kando ya meza, akiwa amejifunga kanga mbili. Alikuwa ameokota neno la heshima la Kibemba nililorudi nalo, naye alinitania kwalo, ingawa macho yake hayakuwa ya utani.

"Mukwai, bado hujachagua?"

Nilimwambia bado. Siku ya tatu aliniuliza kama nisingeweza kupeleka hiyo hiyo iliyopo. Nilimjibu kwamba mtu mwenye cheti kama changu hapeleki kitu kibovu kwa watu. Hakurudia kuuliza.

Siku ya nne nilifanya jambo ambalo mtu asiyesoma asingelifikiria. Niliomba konzi mbili za kahawa kwa jirani, ambaye shamba lake na letu yametenganishwa na mfereji tu. Udongo mmoja, mvua moja. Nilizikaanga katika kikaango kilekile, nikasaga kwa mashine ileile, nikapika kwa birika la Kitaliano. Kikombe kilitoka safi, chenye uchachu mtamu kama wa tunda. Moshi haukuwamo. Basi vyombo vyangu havikuwa na kosa lolote. Nilifurahi kama mtahiniwa aliyeona jina lake ubaoni.

Nilimuuliza jirani anaanika wapi. Akanionyesha chanja zake juani, na gunia lake chumbani anakolala. Nikarudi kwetu, nikaingia jikoni, nikainua macho. Kahawa ya baba ilikuwa juu ya dari la fito, juu kabisa ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu, na fito zote nyeusi zinang'aa kwa masizi. Mama alinieleza kwa fahari. Miaka minne nyuma mvua ilinyesha wakati wa kuanika, kahawa ikaota ukungu, na baba akalia karibu kuugua. Tangu mwaka huo yeye mama aliipandisha kule juu, mahali tunapohifadhi kitu tusichotaka kipotee, na hakuuacha moto uzimike.

Baba alikuwa amekaa barazani na wazee wawili wa kanisa waliokuja kunisalimu. Nilitoka na vikombe viwili, nikawaonjesha wote watatu cha jirani kwanza, kisha chetu. Walikunja nyuso. Nikawaeleza hatua kwa hatua, nikitaja kila chombo, jinsi nilivyokiondolea lawama kimoja kimoja.

"Mjomba hana kosa," nilimalizia. "Kosa liko jikoni. Mama ndiye aliyekuwa akiikausha kwa moshi miaka yote hii."

Mama alikuwa mlangoni. Mmoja wa wazee alitazama chini. Mwingine alisema kumbe, akaweka kikombe chake sakafuni polepole.

Baba hakupaza sauti. "Kaka kule, dada hapa," alisema. "Nyumba moja, kunimaliza mimi." Kisha akamwambia mama, bila kumgeukia, "Niliahidi. Nenda kwenu."

Tuliondoka alfajiri, mama na mimi, kwa njia ya mkato. Alitangulia, nami nikamfuata. Nilibeba flaski ya kahawa ya jirani, maana bado nilitaka mjomba ajue kazi niliyoifanya. Tulipoingia uani kwa mjomba tulikuta watu wamekaa chini, na wanawake walipomwona mama waliinuka na kilio. Bibi alikuwa amezikwa jana yake jioni. Kijana wa kutuletea habari alikuwa ametumwa asubuhi hiyo kwa njia ya barabara kuu, tukapishana.

Walimpeleka mama kaburini. Mimi nilibaki na mjomba, na kwa kuwa sikujua la kusema kuhusu msiba, nilimweleza kuhusu moshi.

"Nilijua," alisema. "Tangu msimu ule wa kwanza. Nilipotia mkono ndani ya gunia la baba yako nilinusa jiko la dada yangu. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu wa vijiji vitatu. Ningesema nini mbele yao? Kwamba dada yangu hawezi kutunza mali ya mume wake? Nikasema ni ya tatu, nikingoja aje yeye mwenyewe nimwambie chemba. Akakatazwa kuja." Akanigeukia. "Wewe umemwambia baba yako mkiwa wawili?"

"Walikuwapo wazee wa kanisa."

"Na dada yangu?"

"Alikuwapo."

Mjomba aliitikia kwa kichwa, akaenda kukaa na wanaume wengine. Nimehojiwa na wazungu watano kwa mkupuo mmoja na sikutetemeka. Siku ile sikuweza kuinua macho.

Matanga yalipokwisha mama alisema atabaki kidogo. Nilirudi peke yangu. Baba aliuliza atakuja lini, nikamwambia hakusema. Kesho yake aliishusha kahawa yote kutoka darini akaimwaga mashimoni, kisha akakata fito mpya na kujenga chanja uani. Mavuno yaliyobaki aliyaanika mwenyewe. Wingu likitokea aliacha hata chakula, akakimbia kufunika kwa mikeka. Nilijitolea kumsaidia, akanijibu kwamba nimesaidia vya kutosha.

Mwisho wa msimu tulipeleka magunia Igamba. Mjomba alitumbukiza mkono, akanusa, akatazama punje.

"Shemeji, hii ni ya kwanza."

"Asante, shemeji," baba alisema, na mzigo ukamwagwa. Kisha alitembea mpaka nyumbani kwa mjomba, akasimama nje ya ua akiwa ameshika kofia. Hakuita. Nadhani alikuwa akitafuta pa kuanzia. Mama alitoka, akamwekea kigoda, akapiga magoti na kumpa maji kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni. Alingoja amalize. Akapokea kikombe, akamshukuru kwa kufika, akarudi ndani.