Nilivyouua Mtambuu wa Shoga Yangu

Shoga yangu wa mlango wa pili, Mzanzibari, alikuwa na mtambuu kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini. Kipande chake alikikata kwa mamake Unguja, wiki ile mamake alipozikwa. Akakivingirisha kwa kitambaa cha majimaji, akakitia mkobani baina ya taulo mbili, akaja nacho Dubai. Baadaye ile nyumba ikauzwa, na walionunua wakamwaga saruji ua mzima. Kwa hiyo kilichobaki cha mtambuu wa mamake kilikuwa hicho cha kwenye ndoo, ghorofa ya tatu, hapa Karama.

Mwanzo wa joto akaenda India kutengenezwa goti. Akaniletea ndoo kwenye kigari cha sokoni, huku anachechemea.

"Nakuachia huyu, shoga," akasema, na sauti yake ile kama anapoza uji. "Maji asubuhi tu, tena chini kwenye mizizi. Usinchezee!"

"Usinchezee!" nami nikamwiga papo hapo, na mdomo nimeuchongoa. Tukacheka mpaka goti likamuuma.

Mimi naiga watu. Nikimsikia mtu mara moja nishamchukua. Mlinzi wa mlangoni, mwenye jengo, mkwe wangu akizungumza na bosi wake kwenye simu, "yes sir, yes sir, inshallah sir", wote ninao. Wanawake wa jengo letu huja wakakaa kwangu kunisikiliza tu. Nilikuwa najiona mjuzi kwa hilo.

Na kwa tambuu pia nilijiona mjuzi. Shule sikuenda hata siku moja. Nimekulia mbele ya kapu la mama, akiuza tambuu Mombasa, na alinifunza mambo mawili: nyunyizia majani maji yasinyauke, na jani lenye doa litoe, halipelekwi mbele ya mgeni. Hapa hatutafuni popoo, hairuhusiwi. Tunakunjia iliki na karafuu, basi. Lakini jani lenye doa sijampa mtu maisha yangu yote.

Wiki ya pili mtambuu ukatoa madoa. Vidoa vidogo, kahawia, vikavu, kama mtu amemwaga dengu juu ya majani. Nikashtuka. Nikalitoa la kwanza kwa ukucha wa kidole gumba, tap! Nikalitoa na la pili. Kisha majani yaliyobaki nikayarushia maji kwa vidole, kama alivyofanya mama, nikafunga vioo vya roshani vumbi lisiingie. Kesho yake vipya. Nikatoa. Kila asubuhi natoa, nanyunyizia, nafunga vioo. Nikaona nauguza.

Mlango wa mbele yangu wanakaa wasichana wa Uganda, chumba kimoja wengi, wanalala kwa zamu. Mmoja wao mtu mzima kidogo, alisomea mambo ya mimea kwao, na hapa kazi yake kufunga saladi kwenye mapakiti huko kwenye mashamba ya vioo. Siku moja akaja kuazima sufuria, akanikuta na kucha zangu.

"Jaja," akasema, ndivyo wanavyomwita bibi, "wacha hiyo majani. Hiyo haiko mgonjwa. Hiyo iko inapigana."

"Inapigana na nani? Na mimi?"

Akacheka. Akageuza jani, akanionyesha chini yake. Akasema huko kuna midomo midogo, jicho haliioni, ndiyo jani linayopumulia. Vijidudu vya bakteria vinaogelea kwenye maji mpaka kwenye ile midomo, viingie. Jani likivihisi, linafunga midomo. Vikipenya hivyo hivyo, basi jani linakiua kile kipande chake lenyewe, kinakauka, na vijidudu vinakwama humo humo, havina chakula. Halafu linapeleka habari kwa majani mengine yajitayarishe.

"Hiyo doa kavu ni kazi yake, jaja. Wewe ukiikata na hiyo kucha, unafungua kidonda. Kucha inabeba vijidudu, inapelekea jani lingine. Na maji yako ndiyo inaviogelesha. Ukiona doa iko na majimaji, inakua, iko na njano pembeni, hiyo sasa uniite, tukate na mkasi safi. Hizi wacha. Na fungua dirisha."

Mtu kaja kuniambia kwa upole, tena kasomea. Mimi nikafanya nini? Jioni ile ile, tuko wanawake sita tunangoja lifti, nikaanza. "Jaja! Majani iko inapigana vita!" Nikashika bunduki ya hewa, tatatata. "Bakteria, simama hapo! Lete pasipoti!" Wakaangua kicheko, mmoja akaangusha mfuko wa vitunguu. Lifti ikafunguka, na yule Mganda yumo ndani, katoka kazini, viatu mkononi. Alikuwa amesikia. Akatabasamu akasema, "Jaja, unaniweza." Akapita. Sufuria alikuja kuiacha mlangoni kwangu, hakugonga.

Ningemfuata. Ni hatua nne tu kutoka mlango wangu mpaka wake. Sikumfuata, kwa sababu nilikuwa nasema moyoni, huyu atanifunza mimi tambuu? Nikaendelea na ukucha wangu.

Kila Ijumaa shoga alinipigia. "Hajambo mtu wangu?" Nami namjibu, "Hana hata doa moja!" Na kweli, doa halikuwepo, maana kila lenye doa nimelitoa. Akitaka kuuona mtambuu, namwambia kamera imeharibika.

Mwezi wa pili tangu shoga aondoke, madoa yakabadilika. Yakawa mabichi, meusi, yamezungukwa na njano, na majani yanaporomoka bila mimi kuyagusa. Shina likalainika kama ndizi iliyopondeka. Hapo ndipo nilipovuka zile hatua nne.

Alikuja na uchovu wake wa zamu, akachuchumaa, akaliminya shina, akanusa vidole. "Imeingia ndani, jaja. Majani zilikuwa chache sana za kupigana." Akatafuta kipande kizima cha kuoteshea, kifundo kimoja kimoja, kuanzia juu mpaka kwenye udongo. Hakikupatikana. Hakuniambia, "Nilikwambia." Angeniambia ningefurahi.

Shoga aliporudi nilimwekea chai, nikamwonyesha ndoo kabla hajauliza. Akaitazama muda mrefu. Akakaa, mguu kaunyoosha.

"Ugonjwa ulianzia jani gani?"

Akaniuliza kama wanavyouliza habari za maiti, siku kwa siku, alikula nini, alisema nini. Nikamweleza yote, la ukucha, la maji, la vioo.

"Na hukumuuliza mtu?"

"Niliambiwa," nikasema. "Yule Mganda wa hapo mbele aliniambia mapema."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwiga."

Akasogeza kikombe cha chai pembeni. Kisha akasema, "Hebu n'igie. Nisikie alivyokwambia."

Nikamwiga. Si ya kwenye lifti. Nikasema kama alivyosema yeye, pole pole, la midomo, la maji, la jani kukiua kipande chake lenyewe, la kupeleka habari kwa mengine. Sikujua kwamba neno lake hata moja sikulipoteza. Yote nilikuwa nayo tangu siku ile.

"Hapo pa kipande, rudia."

Nikarudia.

"Alikwambia vizuri," shoga akasema. Akainuka na goti lake jipya, mkono nilioutoa hakuushika, akaichukua ndoo na udongo wake akaenda nayo kwake.