Nasri na Benchi la Watu Wanne

Nasri mwana wa Abbasi ana miguu mirefu na maneno mafupi. Ukimsalimia atakuitika, ukimsifu ataondoka. Kwa hiyo namwandika bila kumwambia, na akikasirika atapoa.

Baba yake ni seremala hapa Ng'ambo ya Tabora, na mbao za mninga zimejaa uani mwao tangu zamani. Mzee Abbasi alitaka mwanawe ashike randa. Mwana akashika sururu, akaenda machimbo ya dhahabu upande wa Nzega, na huko duarani, ndani ya shimo la kuchimbia, ndiko alikokutana na Hilari, mtoto wa binti yangu Levina. Hilari mimi namwita mume wangu, kama bibi yeyote amwitavyo mjukuu wake. Mmoja Mwislamu, mmoja Mkatoliki, wakala sahani moja, wakalala turubai moja.

Siku duara lilipotitia, Nasri alikuwa ameshatoka nje. Wenzake walimshika asirudi. Akajifunga kamba akashuka, akamtoa Hilari na pumzi zake. Ila maneno ya Hilari yalibaki chini. Akaletwa nyumbani, akawa anakaa ameelekea ukuta, ukimpa uji anakunywa, usipompa hasemi. Majirani wakaanza yao. Wakasema huyu si Hilari, huyu ni msukule, Hilari mwenyewe wachawi wanamlimisha shamba la mtu huko porini. Walikuwa wakisema pale kisimani, na mimi nipo na ndoo yangu.

Nasri hakurudi machimboni. Aliomba chumba cha mbele cha karakana ya baba yake, akafungua chumba cha gemu. Runinga moja, benchi moja la mninga, pedi nne za kubonyeza. Kila alasiri anakuja kwangu, shikamoo Bibi, anamshika Hilari mkono, wanaondoka. Nilimwambia ananichukulia mume. Akanijibu kwamba anamwazima tu, jioni atamrudisha.

Gemu lao wanacheza wanne kwa pamoja, runinga imekatwa vipande vinne, kila mtu na chake. Nasri, Hilari, Maua fundi cherehani, na Saidi wa bodaboda. Wako kwenye mji uliohamwa, na maiti zinatembea zinawajia, nao wanapiga risasi. Akianguka mmoja, mwenzake anamsogelea anamwinua. Lakini ukiumwa na maiti unageuka kuwa kama wao, na hapo wenzako hupewa muda kidogo tu wa kukumaliza kabla hujawauma. Ndiyo sheria ya waliolitengeneza. Nasri haifuati. Akiumwa mwenzake, yeye hainui bunduki, anasimama tu naye anaumwa. Saidi humwambia kila siku kwamba anakufa kijinga.

Mimi hayo sikuyajua mwanzoni. Nilikuwa napita na sahani ya matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, nimpelekee Hilari, nikasikia sauti ya Saidi ndani, "Ua msukule! Huyo nyuma ya Nasri, ua!" Na nyuma ya Nasri kwenye benchi kulikuwa na nani kama si Hilari? Niliweka sahani chini. Mwiko ulikuwa mkononi. Niliingia nikasimama mbele ya runinga, nikamwambia Saidi aanze na mimi. Wote wakaganda. Huko kwenye runinga maiti zikawala wote wanne, nasikia walikuwa karibu kushinda.

Maua alicheka mpaka akashika ukuta. Nasri hakucheka. Alimtazama Hilari, na Hilari alikuwa ameinamisha kichwa, pedi imelala mapajani. Basi Nasri akasema kuanzia leo neno hilo halitamkwi humu. Wakawa wanaziita maiti wageni. Ikawa mtu akipita barabarani anasikia, ua mgeni, ua mgeni. Mzee Abbasi akaja na randa yake mkononi, akawauliza ni Tabora gani hiyo wanayoijua wao. Misafara ya watu ilitua hapa kutoka pwani na kutoka ziwani, ikapewa maji na kivuli, leo wageni wanauawa chumbani kwake? Wakabadilisha tena. Sasa wanaziita kupe, na hakuna aliyelalamika.

Mwaka huu Saidi akaja na habari kwenye simu. Waliotengeneza gemu wanatengeneza la pili, na wanawauliza wachezaji wote duniani wanataka nini. Kikundi chao nacho kiandike, kwa maneno machache. Maua akataka bunduki zaidi na mitaa mipya, maana hii ameikariri kama mishono. Saidi akataka pikipiki ya kupita juu ya kupe. Tena akasema amesikia la pili halitagawa runinga, kila mtu atakaa kwake na runinga yake na intaneti yake, wakutane humo humo hewani.

Nasri akauliza, "Na Hilari?"

Saidi akasema Hilari atanunuliwa simu.

"Simu atashika," Nasri akasema. "Atatazama ukuta ule ule ameshika simu."

Niliyasikia haya kwa sababu siku hizi nakaa hapo mlangoni nikichambua mboga. Nasri alitaka kitu kimoja tu, wanne wabaki benchi moja. Akijaribu kueleza kwa nini, maneno yanamkatikia. Maua alimwambia kwa upole kwamba dunia ndivyo inavyokwenda, na nafasi ya kuandika ni ndogo, na yeye ni mmoja na wao ni wawili. Hilari hawakumuuliza. Saidi akaandika pikipiki na bunduki, hajatuma bado, wakashika pedi wacheze kidogo kabla ya magharibi.

Kwenye daraja la huko ndani Hilari akaumwa. Kipande chake cha runinga kikaanza kuwa chekundu. Maua, ambaye hakosi, akamlenga. Nasri akaweka pedi sakafuni. Akaiacha runinga, akamgeukia Hilari mwenyewe pale benchini, bega kwa bega.

"Hilari."

Hilari anatazama mbele.

"Hilari wa Levina."

"Naam," Hilari akasema.

Niliacha mboga. Maua naye aliacha kubonyeza. Kupe wakapanda darajani wakawamaliza wote, hakuna aliyejali.

Hilari alikuwa anatafuta neno kama mtu anayepapasa gizani. "Aliyeumwa," akasema. "Aitwe kwanza. Ndipo mpige."

Maua akajifuta uso kwa utepe wa kupimia uliokuwa shingoni.

"Saidi," akasema, "futa hiyo pikipiki yako."

"Na bunduki zako?"

"Futa na bunduki. Andika, wanne wakae benchi moja, na aliyeumwa aitwe kwanza."

Saidi akaanza kuandika, akakwama, akauliza benchi Wazungu wanaliitaje. Nasri akamwambia aandike benchi, wataelewa. Ikatumwa hivyo. Kama waliotengeneza watasikia sijui, wako mbali na watu wanaowaomba ni wengi. Ila Nasri ameshamwambia baba yake kwamba gemu hili la zamani halitoki humo hata la pili likija, na Mzee Abbasi amelipigilia benchi mguu wa tano katikati.

Jioni ile Nasri alimrudisha Hilari kama kawaida, mimi nimewatangulia niko jikoni. Nikaita kutoka huko, "Mume wangu!"

Hakuna aliyejibu. Nasri akasema kutoka uani, polepole, "Ita tena, Bibi."

Nikaita tena.