Nilimkuta Mama Mkwe Kwenye Sauna ya Lübeck

Nilifungua mlango wa sauna ya hoteli, kile chumba cha joto na mvuke cha kutokea jasho, nikamkuta mama mkwe wangu amekaa benchi la juu, kama alivyozaliwa.

Huku kwetu sauna haiingiwi na nguo, kwa hiyo hilo halikunishtua.

Kilichonishtua ni kwamba mama huyu, Gudrun, alitakiwa kuwa nyumbani Denmark, kitandani, goti linamuuma. Alikuwa ametupigia simu akilalamika mpaka mwanawe akataka kuahirisha safari yetu, ambayo hatukumwambia ni ya wapi.

"Signe," akasema.

"Mama," nikasema.

"Funga mlango, mwanangu. Joto linatoka."

Nikafunga. Ningefanyaje?

Ngoja niwaambie kwanza mimi nilifuata nini pale. Mimi na mume wangu Troels tulikwenda Lübeck, Ujerumani, kuachana.

Msishangae. Hakukuwa na mchepuko, hakukuwa na ngumi. Mapenzi yaliisha tu, kama mkate. Unakwenda kukata kipande, unakuta mfuko mtupu, na hakuna anayekumbuka nani alikula cha mwisho.

Tulibaki kama wapangaji wawili. "Umetoa takataka?" "Umemtembeza mbwa?" Basi, siku imekwisha.

Tukakubaliana tukaachane kistaarabu, mji wa watu, wikendi moja. Tule vizuri, tutembee, tupange nani abaki na nyumba na nani abaki na mbwa. Tukirudi, tuwaambie wazazi.

Hapo kwa wazazi ndipo tulipokuwa tunatetemeka. Yeye amebakiwa na mama tu. Mimi nimebakiwa na baba tu. Na wote wawili ndoa yetu walikuwa wanaisifia kwa majirani.

Jumamosi mchana mambo yalikuwa shwari. Tulikula samaki wa kukaanga kando ya mto, tukacheka kuliko tulivyocheka mwaka mzima. Nyumba nikapewa mimi. Mbwa akapewa yeye. Tukapeana mikono kama watu waliouziana gari.

Troels akapanda chumbani kulala. Mimi nikashuka sauna nikalie kidogo, maana kule machozi na jasho hakuna anayeyatofautisha.

Ndipo nikamkuta Gudrun.

"Goti vipi, mama?"

"Linaendelea vizuri."

"Umekuja peke yako?"

Akautazama ukuta kama anayesoma tangazo.

Kabla hajajibu, mlango ukafunguka. Akaingia mzee mmoja, taulo kiunoni, ndoo ya maji mkononi, anapiga mluzi.

Namshukuru Mungu kwa lile taulo.

Alikuwa baba yangu.

Baba mzazi, Ejnar. Ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa ziwani anavua samaki.

Mluzi ukakatika. Akanitazama mimi, akamtazama Gudrun, akaitazama ndoo.

"Niongeze maji kwenye mawe ya moto?" akauliza.

Hakusubiri jibu. Akaongeza.

Nikapanda chumbani mbio. Troels anakoroma. Nikamtikisa.

"Mama yako yuko sauna."

"Mama yangu anaumwa goti."

"Goti nimeliona. Ni zima."

"Unaota, Signe."

"Yuko na baba yangu."

Akakaa. Akavaa soksi moja, akaivua tena.

"Baba yako yupi?"

"Kwani ninao wangapi?"

Jioni tukakaa meza moja, watu wanne. Mhudumu akatuletea mishumaa, maskini, akadhani kuna sherehe.

Baba alikuwa amenyoa ndevu. Tangu mama yangu afariki nilikuwa nimechoka kumwambia anyoe. Kumbe alikuwa anamsubiri mtu mwingine amwambie.

"Huu ni mwaka wa pili," akasema.

Troels akapaliwa na bia. "Wa pili? Na hamkusema?"

"Kwa ajili yenu," Gudrun akajibu. "Tulijiambia, tukijitangaza halafu tukashindwana, mtagombana nyinyi. Tuwatilie mchanga kitumbua chenu kwa sababu gani? Ndoa nzuri vile!"

"Mkisema hapana, tunaacha leo leo," baba akasema. "Nyinyi kwanza."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anaagiza supu. Lakini alikuwa ameushika mkono wa Gudrun chini ya meza, na hakuuachia.

Troels akanikanyaga mguu. Huo mguu naujua. Maana yake ilikuwa: tuseme, au tufe nayo?

Aisee, nilitamani tufe nayo. Tungeweza kabisa. Tungerudi nyumbani tukaigiza mwaka mmoja, miwili, wazee wafurahi. Lakini nikamwangalia baba na kidevu chake cheupe, mtu aliyejificha miaka miwili kwa uongo wetu. Nikamkanyaga Troels na mimi.

"Mama," Troels akasema, "sisi hapa tumekuja kuachana."

"Kuachana na nani?" baba akauliza.

"Na mimi, baba," nikasema.

Gudrun akaweka uma chini, taratibu.

"Ina maana nimevaa miwani nyeusi, nimejificha nyuma ya mabegi ya watu stesheni, miaka miwili, nikiilinda ndoa iliyokwisha kufa?"

"Na hata mazishini hatukualikwa," baba akasema.

Nikacheka. Gudrun hakucheka. Akaisukuma sahani yake kando.

"Basi tuachane sisi," akasema, "nyinyi mrudiane. Sisi tumeshazeeka, tutazoea."

Hakuwa anatania. Baba aliinamisha kichwa, hakumpinga.

"Mama, acha," Troels akasema. "Meza nzima hii ina wapendanao wawili tu. Tusiwapoteze na hao."

Nililia pale pale, bila mvuke wa kunificha. Mhudumu akaondoa mishumaa.

Wazee wetu walifunga ndoa mwezi Juni, ukumbi wa manispaa. Mashahidi tulikuwa mimi na Troels. Talaka yetu ilikuwa imetoka wiki ile ile.

Wakati wa kukata keki, shangazi mmoja wa mbali upande wa Gudrun akaniuliza:

"Na wewe kwa Troels ni nani?"

Nikafikiri kidogo. Mapema wiki ile ningejibu bila kusita.

"Dada yake," nikasema.

Akatutazama wote wawili, akatikisa kichwa.

"Kumbe! Mnafanana kweli."

Ndugu zangu, nawaachia hili. Ukiamua kumwacha mtu, mwache kwa heshima. Hujui atarudi kwenu akiwa nani. Wangu alirudi akiwa kaka, na kila Krismasi yeye ndiye anayetukatia bata wa sikukuu mezani.