Tanuri la Mwisho la Baba Mdogo Mfaume

Baba mdogo Mfaume alichoma mkaa Marui kwa miaka ishirini na sita, na hakuwahi kufungua tanuri kabla ya kulikanyaga peku. Alipanda juu ya udongo, akasimama. Mguu ukivumilia hadi amalize Alhamdu saba, ndipo alipochukua jembe.

Mwaka huu kibali chake kilikuwa kinakwisha Alhamisi, na kisingeongezwa. Tanuri hilo la mwisho lilikuwa la kununulia mabati, maana paa la makuti lilivuja hadi kitandani. Kitwana, mnunuzi kutoka Kibaha, angeleta lori asubuhi hiyo hiyo. Jumatano jioni Baba mdogo alipanda, akashuka kabla ya Alhamdu ya tatu.

"Bado," alisema. Kisha akanigeukia. "Lakini wewe ndiye uliyesomea joto. Unasemaje?"

Nilikuwa na shahada ya fizikia, na kipimajoto cha shule ninayojitolea kufundisha, Tangini. Nilikichomeka ubavuni mwa tanuri: nyuzi arobaini na moja. Nikamweleza kwamba joto ni mtetemo. Kila chembe ya mkaa hucheza kama jiwe lililoning'inizwa kwenye springi, na zote hugawana nishati sawasawa. Ukipima hapa, umepima kote; basi tanuri limepoa.

"Mguu wangu unakataa," alisema akicheka. "Lakini mguu haujaenda chuo. Mama, lete jembe!"

Mkewe, Sikudhani, alisita. "Si ungengoja kesho?"

"Kesho Kitwana yuko hapa, na mkaa haupakiwi ukiwa udongoni. Mtoto amesoma huyu."

Mgao ule huwa sawa pale tu joto likishatulia kote. Niliwahi kuliandika hilo kwenye mtihani, nikapata A. Moyoni mwa tanuri halikuwa limetulia. Udongo ulipofunguka, hewa iliingia na mkaa ukashika moto mbele ya macho yetu. Tulimwaga mchanga, tukamwaga na ndoo mbili za maji ya kunywa.

Yalipatikana magunia matatu.

"Mzee Mfaume," alisema Kitwana, "ungeniambia nije na baiskeli."

"Haraka zangu," Baba mdogo alijibu. Hakunitaja. Majirani nao aliwaambia hivyo hivyo.

Masika nilikwenda kuwasalimia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Sikudhani alisogeza beseni lililojaa maji. "Kaa upande huu, hapavuji sana."