Nyimbo za Rika kwa Sauti ya Evert

Nilipoolewa na Klaas Wolthuis, watu wa kanisani walinipa pole kabla ya kunipa hongera. Walisema naingia nyumba yenye mama mkwe aliyepooza na wifi mwenye kiburi. Mama mkwe kweli alikuwa amepooza, upande wote wa kulia. Kiburi cha wifi sikukiona. Nilichokuta ni mwanamke mrefu, kajifunga aproni, anamlisha mama yake supu ya njegere kwa kijiko, na vidole vya mkono wa pili vinachezacheza juu ya goti.

"Unahesabu nini, wifi?" nikamuuliza.

"Sihesabu. Kuna mahali sauti inakataa kushuka. Usinijali, Jantje. Vua koti, supu ipo."

Jina lake lilikuwa Hendrika, sisi tukimwita Rika. Alizaliwa hapa hapa Grand Rapids, ng'ambo ya magharibi ya mto, katika mitaa yetu sisi Waholanzi, ambako kila baba alirudi kutoka kiwanda cha samani na vumbi la mbao kwenye nyusi. Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga migongo ya viti. Alinunua kinanda cha kukanyaga ili nyumba iimbe Zaburi baada ya chakula. Binti akazipiga Zaburi, kisha akaanza kupiga mambo ambayo baba hakuyajua. Mjomba wao mmoja wa Chicago, mwenye duka la misumari na makufuli, hakujaliwa mtoto; akamchukua Rika akamsomesha muziki. Mwaka wa pili mama akaanguka jikoni. Klaas akamwita dada yake arudi, kwa muda tu, mpaka mama apate nafuu. Mama hakupata nafuu, wala hakufa. Alilala kitanda kile mpaka Rika akaota mvi.

Piano aliyoipiga ilikuwa zawadi ya mwisho ya mjomba. Juu yake alifundisha watoto wa jirani, na mama akisinzia, alitunga. Nyimbo zake hazikuwa za kanisani wala za kuchezea. Alichukua shairi, mara nyingi la mwalimu mmoja wa kike wa Muskegon aliyekuwa akitoa beti zake gazetini, akalitafutia sauti ya mtu mmoja na piano. Piano yenyewe haikufuata nyuma kama mtumishi, ilikuwa na lake la kusema. Na nyimbo zilikuwa fupi. Ukimenya viazi viwili, wimbo umekwisha.

Baba mkwe alikuwa bado hai wakati huo. Siku moja alisikiliza hadi mwisho, akavuta kiko chake, akauliza kwa upole, "Sasa wimbo kama huu, mwanangu, unaimbwa wapi?"

"Sebuleni, baba. Au ukumbini, watu wamekaa kimya."

"Na nani?"

Rika akafunika piano akaenda kumgeuza mama kitandani.

Miaka ilipita hivyo, nyimbo zikiwa hazina mtu wa kuziimba, mpaka alipokuja Evert Dykhouse. Evert alikuwa fundi wa kupaka vanishi katika kiwanda alichofanyia kazi Klaas, na kanisani ndiye aliyekuwa akianzisha Zaburi. Alikuja kurudisha patasi ya Klaas, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasikia. Hakujua kusoma nota hata moja. Lakini Rika alipompigia mstari mmoja mara mbili, akauimba, na mimi niliyekuwa napiga pasi nikaisahau pasi juu ya shati la mume wangu mpaka likaungua. Ilikuwa sauti nzito isiyonguruma. Hakuonekana kufanya kazi yoyote kuitoa.

Tangu siku ile Rika hakutunga kwa ajili ya mtu mwingine. Alijua sauti ya Evert inachoka wapi, inang'aa wapi, na kila nota aliiweka palepale.

Evert alikuwa na mke na watoto, na mitaa yetu ina macho. Juma la pili mkewe, Fenna, akaja naye na kikapu cha nyuzi za sufu.

"Mimi simfungi mume wangu kamba," aliniambia jikoni. "Lakini watu wana midomo, na mimi nina soksi za kufuma. Nitafumia hapa."

Akawa anafumia hapo kila Alhamisi. Nadhani zile ndizo siku nzuri tulizokuwa nazo, na sikujua kwamba ni nzuri.

"Evert, hapo unalia," Rika humwambia. "Shairi halilii. Huyu mtu alishalia jana, leo anasimulia tu."

"Mwalimu, nimeshinda ndani ya vanishi toka asubuhi. Machozi yanatoka yenyewe."

"Mpe maji," Fenna anasema bila kuinua macho. "Na asitoe macho hivyo, anafanana na samaki wa sokoni."

"Samaki huyu ulimfuata mwenyewe, Fenna, hadi kwa baba yake."

"Nilikuwa na njaa."

Wazee wa kanisa walipokuja kwa ziara yao ya kila mwaka, mzee Brouwer, mtu mkubwa mwenye duka la makaa, alikaa kwenye kiti kizuri akauliza hali ya roho zetu, kisha akakohoa.

"Dada Hendrika, huo wimbo unaosikika mpaka barabarani unamtaja nani?"

"Unataja theluji, mzee."

"Theluji ya Bwana?"

"Theluji tu."

Mzee Brouwer akatoa pipi ya mnanaa mfukoni, akamtilia mama mkwe mdomoni kwa upole kabisa, kisha akasema madirisha yafungwe. Julai ile waliimba madirisha yamefungwa, jasho likimtiririka Evert hadi kwenye kola. Mwisho wa mwaka kanisani Zaburi zikaanzishwa na mtu mwingine. Evert alisema hajali. Fenna alijali.

Baadaye mke wa mwenye kiwanda, aliyekuwa kiongozi wa chama cha mabibi wa mjini wapenda sanaa, akasikia kwamba kuna Mholanzi wa ng'ambo anayetunga. Akamwalika Rika alete nyimbo zake tano kwenye tafrija yao ya alasiri. Rika alinunua glavu. Evert aliazima koti la Klaas lililombana kwapani, na Fenna akamsugua mikono kwa mafuta ya taa mpaka rangi ya vanishi ikatoka, kucha tu zikabaki na weusi.

Mwanamke mwimbaji aliyeletwa kutoka Detroit alitangulia, akaimba Kijerumani. Aliimba, akapigiwa makofi, akaimba tena, akaombwa nyingine. Sisi tulikaa nyuma kwenye viti ambavyo Klaas alivitambua, maana aliviunga kwa gundi mwenyewe. Ilipofika zamu ya Rika, chai ilikuwa imeshaingia. Mwenyeji akamwinamia.

"Mpenzi, unaweza kutupa mbili tu? Zile fupi."

"Zote ni fupi, bibi."

"Basi zile fupi zaidi."

Evert aliimba mbili. Aliimba vizuri kuliko sebuleni kwetu, nami naapa kwa hilo, lakini vijiko vilikuwa vinagonga vikombe, na nyimbo zile zilihitaji kimya. Makofi yalikuwa ya adabu. Bibi mmoja akamuuliza Evert kama ni kweli anafanya kazi kiwandani, akafurahi sana aliposema ndiyo. Yule mwimbaji wa Detroit alikuja kumpa Rika mkono. Hakuwa mtu mbaya. "Una kipaji," akamwambia. "Lakini wimbo wa theluji unaishia njiani. Msikilizaji anataka kufikishwa nyumbani. Utie mwisho mtamu, nami nitauonyesha kwa watu ninaowajua Boston."

Rika alikataa. Wakati wa baridi mama akapata vidonda vya mgongo, daktari akawa anakuja kila siku na kila siku alidai malipo, na Rika akakubali.

Boston wakauchapa. Waliupandisha uwe wa sauti ya kike, wakatia ule mwisho mtamu, na maneno ya mwalimu wa Muskegon wakayaondoa yote. Badala ya mtu anayemwambia mwenzake asije tena, sasa kulikuwa na mama anayebembeleza mtoto. Jina la Rika lilikuwa juu, kwa herufi za maua. Wimbo ukapendwa. Wasichana waliuimba harusini. Kwenye harusi ya binamu yangu kule Zeeland bibi harusi mwenyewe aliuimba, akimgeukia Rika na kutabasamu. Rika akatabasamu pia. Kisha akatoka, nikamkuta nyuma ya banda la farasi anatapika.

"Ni zile soseji," akaniambia.

"Soseji hukuzigusa, wifi."

"Jantje, niache basi."

Sauti ya Evert ilianza kukwaruza mwaka ule watu wetu waliporudi kutoka vitani Ufaransa. Mwanzoni Evert alifanya mzaha, akasema amemeza patasi ya Klaas. Daktari akaangalia koo, akamwambia mambo mawili: aache kuimba, na aache vanishi. Vanishi ndiyo iliyolisha watoto. Kuimba ndiko kulikomlisha yeye. Hakuacha hata kimoja. Alhamisi alikuja kama kawaida, na Rika akawa anazishusha nyimbo, nota moja, halafu mbili, kuifuata sauti inakokwenda, mpaka piano ikawa inaongea pale chini kabisa kama mtu aliye ndani ya kisima.

Alhamisi moja Evert alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Fenna akasimama, sufu ikaanguka.

"Inatosha."

"Fenna," Rika alianza, "mimi sikumlazi..."

"Umemshushia. Kila alipotaka kunyamaza ukamshushia ngazi nyingine. Angenyamaza mwaka jana. Angekaa nyumbani na watoto wake akanywa maziwa ya moto."

"Alitaka mwenyewe."

"Mtoto akitaka moto utampa? Wewe mtu akikosa sauti unaona wimbo umeharibika. Mimi naona mume wangu."

Evert alikuwa amekaa, mkono kooni, anawaangalia wote wawili. Alitikisa kichwa, lakini alikuwa akimkatalia nani hatukuweza kujua, na kusema hakuweza. Fenna akamvisha skafu akamwongoza nje. Evert alikufa kabla theluji haijayeyuka. Rika alikwenda mazikoni akasimama nyuma. Hakuna aliyemsogelea.

Mimi nilijua jambo moja ambalo Rika hakulijua. Fenna, kwa kufuma miaka yote ile, alikuwa amezishika nyimbo zote. Nilimsikia akiimba huku akianika nguo uani kwake: ule wa theluji, wenyewe, wenye mwisho unaoishia njiani, kwa sauti nyembamba lakini sahihi kila mahali. Aliponiona akanyamaza.

"Fenna," nikamwambia, "mwenzio anaumia. Ungekuja siku moja tu, umwimbie."

"Zimo kichwani kwa sababu haziondoki, si kwa sababu nazipenda. Usimwambie, Jantje." Akabana shati kwenye kamba. "Nahama. Kaka yangu ana shamba Iowa."

Akahama, na watoto. Sikusikia habari zake tena.

Mama mkwe alifariki mwaka uliofuata. Rika sasa alikuwa huru. Klaas mwenyewe alimwambia, nadhani kwa kuona aibu, "Nenda Chicago, dada. Hakuna anayekuzuia." Akaenda na mkoba wa nyimbo. Alirudi juma lilelile. Mwalimu wake wa zamani alikuwa ameshazikwa. Shuleni kwake walimpokea vizuri, wakamkalisha, wakazipitia kurasa, wakamuuliza ameandikia sauti gani hii, maana mwanamume wa kawaida hafiki chini hivi, na anayefika chini hivi hawezi hicho kilichoandikwa juu. Akawaambia yupo mtu aliyeweza. Wakamuuliza yuko wapi.

"Ningezipandisha," aliniambia akivua kofia. "Ni kazi ya mwezi mmoja. Nilikaa kwenye treni nikajaribu kuanza na mmoja. Kila nikiupandisha, namsikia anashindwa."

Hakutunga tena. Watoto wa kufundishwa nao walipungua, kila nyumba ilikuwa na gramafoni, kisha redio. Alikwenda kiwandani kusuka viti vya ukindu pamoja na wanawake wajane. Redio yetu siku moja ya Jumapili ilitoa ule wimbo wa mama na mtoto, na mtangazaji akasema mtunzi wake hajulikani. Klaas alitaka kuandika barua kulalamika. Rika akamwambia asimwage chai, akaendelea kula.

Aliugua mapafu, akafa haraka, nyumbani, mimi nikiwa nimemshika. Nilidhani atasema neno. Aliomba mto ugeuzwe. Mchungaji alihubiri kwamba Hendrika alikuwa binti mtiifu aliyemtunza mama yake, na yote yalikuwa kweli. Tukaimba Zaburi, polepole kama tunavyoimba sisi.

Klaas aliiuza piano kwa mtu wa baa. Nyimbo nilizipeleka mimi, sanduku zima, kwenye chuo cha kanisa. Kijana anayefundisha muziki pale alipiga kurasa mbili tatu kwenye piano yao.

"Mama, hizi ni nzuri. Sisemi kwa adabu."

"Zitaimbwa?"

Akatazama kibodi. "Sitakudanganya. Watu hawaimbi hivi tena. Na sauti yenyewe nitaipata wapi? Tutaziweka chini ghalani, mahali pakavu."

Nilipofika nyumbani Klaas aliniuliza wamesemaje. Nikamwambia wamezipokea.

"Vizuri," akasema. Alikuwa amesimama pale ilipokuwa piano, anapima ukuta kwa mikono. "Basi hapa tutaweka kabati la vyombo."

Tukaliweka.